Kimeza cha Kando ya Kitanda cha Plastiki Angavu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya kuhusu kimeza cha plastiki angavu, yaani inayoonyesha kilicho nyuma yake kama kioo, ni ya chumba cha kulala cha Mombasa: dirisha wazi mchana kutwa, feni usiku kucha, chumvi ya bahari hewani, chetezo cha udi jioni na chupa za marashi karibu na mto. Kimeza hichohicho kikipelekwa Nairobi, baadhi ya majibu yatabadilika.

Hii ni plastiki gani hasa?

Ziko tatu, na muuzaji mara nyingi hakwambii ni ipi, ama kwa kutojua ama kwa kujua sana.

Akriliki ndiyo ile ambayo mafundi wa mabango huiita perspeksi, kutokana na jina la biashara la Kiingereza, Perspex. Wajerumani nao waliisajili kwa jina Plexiglas mwaka 1933. Hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, na ukiitazama ubavuni huoni ule ukijani wa kioo cha dirisha. Haigeuki manjano upesi. Udhaifu wake ni kwamba ikigongwa pembeni kwa nguvu humeguka, na kuna kemikali za nyumbani zinazoipasua. Hizo tutazifikia.

Polikaboneti ni ile ya vioo vya helmeti na taa za mbele za magari. Kuivunja hata kwa nyundo ni kazi, lakini uso wake ni laini, funguo zikiburutwa tu zinaacha mstari. Isipotiwa kinga ya jua hugeuka manjano. Kiti cha Louis Ghost ambacho Philippe Starck alikibuni kwa ajili ya Kartell mwaka 2002, na ambacho nakala zake utaziona kwenye harusi, kilitengenezwa kwa polikaboneti.

Polistirini ni ile ya vikasha vya CD. Bei yake ni rahisi, ikiwa mpya inang'aa, na huvunjika vilevile kikasha cha CD kinavyovunjika. Kimeza kikiwa cha polistirini, ushauri mwingi ulio hapa chini hautakifaa. Kitumie mpaka kichoke.

Nitazijuaje nikiwa dukani?

Kigeuze, utazame chini. Kimeza kilichopigwa kwenye kalibu kwa mashine kina kitovu, yaani kidoa kidogo cha duara mahali plastiki ya moto ilipoingilia. Hicho kwa kawaida ni polikaboneti au polistirini. Kilichoundwa kwa bapa zilizokatwa, zikakunjwa au kugundishwa, kwa kawaida ni akriliki. Ukikuta pembetatu ya mishale yenye namba 6 ndani yake, hiyo ni polistirini. Namba 7 ina maana ya "nyinginezo" na haikusaidii sana.

Kisha kigonge kwa ukucha. Polistirini hutoa mlio mkali kama mfuniko wa bati. Akriliki nene hutoa sauti nzito, fupi.

Kipimo kizuri kuliko vyote kinataka simu na miwani ya jua ya polaroidi. Fungua ukurasa mweupe kwenye simu, iweke nyuma ya plastiki, tazama kwa miwani huku ukiizungusha taratibu. Polikaboneti na polistirini zilizopigwa kalibuni zitaonyesha mawimbi ya rangi za upinde wa mvua. Akriliki karibu haionyeshi kitu.

Wenye ubishi wanaweza kukwangua chembe kutoka upande wa chini na kuitia kwenye maji ya chumvi: gramu 100 za chumvi kwa gramu 900 za maji. Polistirini itaelea, akriliki itazama. Pwani yetu tungedhani maji ya bahari yanatosha, lakini hayana chumvi ya kutosha, humo zote mbili zinazama. Sugua chembe kwa kidole kwanza ili isibaki na kiputo cha hewa, maana kiputo kitaielesha hata ile isiyostahili kuelea.

Unyevu wa Mombasa hautakiharibu?

Plastiki yenyewe, hapana. Hapa ndipo inapoishinda mbali kabisa MDF, ule ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa. Ubao wa MDF ukipigwa deki kila siku hunyonya maji kutoka miguuni, ukavimba, karatasi ya juu ikabanduka, na kufikia mwisho wa masika droo haifungi. Akriliki ikizamishwa majini siku nzima hunyonya takriban asilimia 0.3 tu ya uzito wake. Mchwa na dumuzi nao hawana la kufanya nayo.

Kinachoharibika ni chuma kilichofungwa kwenye plastiki. Skrubu za kawaida, bawaba, reli za droo na miguu iliyopakwa kromu huanza kutoa kutu ya rangi ya chai, na kwenye kitu angavu kutu hiyo huonekana kutoka kila upande. Karibu na bahari, kama Nyali, Kizingo au Shanzu, chuma cha pua cha daraja 316 ndicho cha kudai. Daraja 304 hupata madoa ya kahawia, ingawa hakioozi haraka. Kama huwezi kulihakiki daraja, chagua kimeza kisicho na chuma kabisa.

Unene gani unafaa?

Swali hili ndilo lenye pesa ndani yake, kwa sababu bei hupanda na unene na muuzaji atakuonyesha chembamba kwanza.

Chukua uso wa juu wenye urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 35, uliokaliwa na mzigo wa kilo 10: taa, vitabu vitatu, msahafu na rehali yake, chupa ya maji ya lita moja na nusu, simu mbili. Kama bapa limeegemea ncha mbili tu, akriliki ya milimita 6 hubonyea katikati karibu milimita 6. Ya milimita 10 hubonyea milimita moja na robo. Ya milimita 12 haifiki hata milimita moja. Sababu ni kwamba ukakamavu hukua kwa unene × unene × unene: kutoka 6 kwenda 10 umeongeza plastiki kwa theluthi mbili tu, lakini ukakamavu umezidi mara nne na nusu.

Hiyo ni siku ya kwanza. Plastiki huendelea kulegea polepole chini ya mzigo usioondolewa, na ule mbonyeo unaweza kukaribia maradufu kadiri miezi inavyopita. Chumba chenye joto huuharakisha.

Kwa hivyo milimita 10 ndiyo tunayoishauri kwa kimeza cha kawaida. Milimita 8 inafaa ikiwa upana hauzidi sentimita 35 au kuna rafu ya katikati iliyogundishwa pande zote mbili, kwani rafu huzuia miguu isitanuke. Milimita 6 iache kwa visanduku vya mapambo.

Kina uzito gani?

Akriliki ina uzito usiofika nusu ya kioo. Kimeza cha umbo la daraja, yaani bapa moja lililokunjwa mara mbili likawa na juu na miguu miwili, chenye upana wa 45, kimo cha 50 na kina cha sentimita 35, kwa milimita 10 kina takriban kilo 6. Ukiongeza rafu, karibu kilo 8. Mtu mmoja anakibeba ngazini bila shida.

Kimo kiwe kipi?

Pima kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, mtu akiwa amelilalia, kisha kimeza kiwe sawa na hapo au chini yake kwa sentimita 5. Kitanda cha kisasa chenye godoro la inchi 8 mara nyingi huangukia kati ya sentimita 50 na 60. Vitanda virefu vya kuchonga vya nyumba za Mji wa Kale ni shauri jingine, vimeza vya madukani huwa vifupi mno kwavyo. Hapo agiza kwa fundi.

Nikitaka kuagiza kwa fundi, nimwambie nini?

Uliza kwanza shiti aliyonayo ni ya aina gani. Kuna akriliki iliyomwagwa katikati ya vioo viwili ikagandia humo, na kuna iliyokamuliwa na mashine kama tambi. Ya kumwagwa hukatika vizuri, hugundika vizuri na hustahimili kemikali zaidi. Ya kukamuliwa bei yake ni nafuu na unene wake ni sawasawa zaidi, lakini huyeyuka na kunata kwenye msumeno, na hupata nyufa upesi. Kwa kimeza, dai ya kumwagwa.

Shiti nzima ya futi 4 kwa 8 ni sentimita 122 kwa 244. Kimeza cha vipimo vilivyotajwa juu kinataka ukanda wa sentimita 145 kwa 35, na rafu ya 43 kwa 35. Ukanda na rafu vikipangwa kwa urefu wa shiti vinachukua sentimita 188, na kwa upana zinaingia safu tatu. Kwa hivyo shiti moja inatoa vimeza vitatu. Wewe unataka jozi. Kubaliana mapema kile cha tatu ni cha nani, kwa sababu ukinyamaza utakilipia na kitabaki karakana.

Kukunja hufanywa kwa waya wa moto unaopasha mstari mmoja tu, karibu nyuzijoto 150 hadi 160. Kwa milimita 10 lazima bapa lipashwe pande zote mbili, taratibu. Likikunjwa kabla ya kuiva, mkunjo hubaki na mkazo ndani na baada ya miezi utaona nyufa kama nywele kwa ndani ya kona. Likiungua, utaona viputo vidogo vilivyopangana kwenye mstari wa mkunjo.

Viputo hivyo Mombasa vina sababu nyingine, ambayo fundi asiyejua ataisingizia shiti mbovu. Shiti iliyokaa karakana miezi, imebanduliwa karatasi yake ya kinga, imenyonya unyevu wa hewa. Ikipata moto unyevu huo unatoka kama mvuke na kuacha mapovu. Dawa yake ni kuikausha kwenye oveni ya nyuzijoto 80 kwa saa kadhaa kabla ya kukunja, au kutumia shiti ambayo bado ina karatasi yake.

Gundi nayo ina ugomvi na hewa yetu. Akriliki haigundishwi kwa gundi nzito, bali kwa majimaji mepesi yanayoyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Katika karakana nyingi ni klorofomu au mwenzake. Hutiwa kwa sindano kwenye ufa, yakajinyonya yenyewe hadi ndani. Yanapokauka hupoza plastiki ghafla, unyevu wa hewa ukatonea pale, na kiungo kikabaki na ukungu mweupe usiofutika. Siku ya mvua ya masika ukungu huo karibu ni wa lazima. Waambie wagundishe ndani ya chumba chenye eyisii, au subiri kaskazi ya Januari na Februari hewa inapokuwa kavu kidogo. Mvuke wa majimaji hayo ni sumu, kwa hivyo kazi hiyo ifanywe karakana yenye hewa inayopita, si chumbani kwako.

Jambo la mwisho kwa fundi: kingo zitakazogundishwa zisipitishwe moto wa gesi kung'arishwa kabla ya gundi. Moto huacha mkazo, na gundi ikifika pale plastiki hupasuka nyufa papo hapo. Kingo zilizokatwa kwa leza zina tabia hiyohiyo. Zipigwe msasa kwanza.

Nikienda kukichukua, nikague nini?

Kiweke juu ya sakafu sawa na ukibonyeze kila pembe, kisicheze. Weka guni, kile kipimo cha pembe mraba, ndani ya kila kona. Tazama viungo dhidi ya mwanga: viputo vichache vya ukubwa wa punje ya ulezi havina neno, lakini mstari wa hewa unaopita nusu ya kiungo una maana kwamba nusu hiyo haijashika. Pitisha kidole kwenye kingo zote. Kisibebe mzigo mpaka zipite saa 24 tangu kugundishwa.

Marashi na udi vina shida gani?

Vina shida kubwa, na ndivyo vinavyoua vimeza hivi Mombasa kuliko kitu kingine chochote.

Marashi ya kupuliza yana spiriti nyingi. Tone likidondoka kwenye uso mtupu likakauka lenyewe huenda usione kitu. Lakini chupa inayovuja chini kidogo kidogo, ikisimama mahali pamoja kila siku, huacha duara la nyufa nyembamba zinazometa zikipigwa na mwanga wa pembeni. Nyufa huanzia penye mkazo, yaani kwenye mkunjo, kandokando ya tundu la skrubu na kwenye kiungo. Zikishaingia hazitoki, kwa sababu haziko juu, zimeingia ndani. Sanitaiza ya mikono, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha na dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET ni wa ukoo huo, na asetoni ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuwa huyeyusha uso papo hapo.

Suluhisho ni sinia. Sinia ndogo ya shaba au ya udongo uliong'arishwa kwa glezi, marashi yote yakae humo. Halipunguzi uzuri wa kimeza, na pengine linauongeza. Mafuta ya uturi yasiyo na spiriti ni mpole zaidi, lakini nayo yaende siniani, kwani huacha utando unaonasa vumbi.

Chetezo kisiwekwe juu yake kabisa, hata kikiwa na kisahani. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzijoto 100, na kaa la moto limepita hapo mara nyingi. Kisahani chembamba hupitisha joto, na ukija kukinyanyua unakuta alama ya kitako chake imezama kwenye plastiki. Cheche moja iliyoruka huacha shimo dogo lenye ukingo ulioinuka. Akriliki pia inashika moto na kuendelea kuwaka. Asumini na kikuba, kwa upande mwingine, karibuni sana. Panguseni tu ule unyevu asubuhi.

Chai ya moto, je? Na mshumaa stima ikipotea?

Kikombe cha chai kiwe na kisahani au kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Mara moja bila kisahani huenda kisiache alama, ila chai ya maziwa iliyotoka jikoni sasa hivi, kikombe chembamba cha bati, kila usiku mahali pamoja, itaacha duara. Dele la kahawa lenye makaa halikai hapo.

Mshumaa na dawa ya mbu ya kuzunguka viwekwe sakafuni, mbali na chandarua. Taa ya LED haina tatizo lolote. Balbu ya zamani ya wati 60 iwe juu ya uso kwa angalau sentimita 20. Chaja ya simu haifikii joto la kukidhuru.

Nikisafishe vipi?

Kwanza vumbi, na vumbi lisifutwe kavu. Vumbi la barabarani lina mchanga, na ukilisugua kwa kitambaa kikavu umepiga msasa. Mwagia maji kidogo au pitisha kitambaa kilicholowa bila kukandamiza, kisha osha kwa maji ya vuguvugu yenye matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini cha nyuzi ndogondogo au fulana ya pamba iliyochakaa. Kanga mpya haifai kwa sababu ina wanga, lakini kanga iliyofuliwa ikalainika inafaa sana.

Suuza kwa maji matamu. Nyumba nyingi hapa zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na maji hayo yakikauka huacha madoa meupe ya duara ambayo watu hudhani ni plastiki iliyoharibika. Madoa hayo hutoka kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tatu, kisha suuza tena na ukaushe kwa kupapasa.

Dawa ya kusafishia vioo vya dirisha usiitumie: nyingi zina amonia au spiriti. Thina na petroli ndiyo kabisa. Gundi ya stika ya bei, au karatasi ya kinga iliyokaukia, hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, ukimaliza osha kwa sabuni mpaka harufu iishe.

Wanaosoma mashauri ya nchi za baridi wataona wameonywa sana kuhusu umeme tuli unaovuta vumbi. Kwetu unyevu wa hewa huumaliza wenyewe kwa sehemu kubwa. Ni faida moja ya jasho letu.

Kimechubuka. Kuna dawa?

Kama ni akriliki, ndiyo. Pitisha ukucha juu ya mchubuko. Ukucha usipokwama, dawa ya meno nyeupe isiyo na chembechembe au kompaundi ya kung'arishia magari inatosha: kiasi cha punje ya haragwe kwenye kitambaa chenye unyevu, sugua kwa miduara dakika tatu hadi tano, futa, tazama, rudia.

Ukucha ukikwama, tumia msasa wa maji. Anza namba 600, kisha 800, 1200, 2000, kila mara uso ukiwa umelowa na ukibadilisha mwelekeo ili uone mistari ya msasa uliopita imeisha. Usiruke namba. Sugua eneo pana kuliko mchubuko, walau kiganja kizima, vinginevyo utachimba bonde ambalo litapotosha kila kinachoonekana nyuma yake. Baada ya 2000 uso utakuwa kama kioo chenye pumzi, usiogope. Kompaundi huurudisha. Ukitumia mashine ya kung'arisha, isikae mahali pamoja, msuguano huyeyusha plastiki kabla hujagundua.

Polikaboneti haitengenezeki kirahisi hivyo. Ni laini, msasa huiburura badala ya kuikata, na ikiwa ilipakwa kinga utakuwa umeiondoa.

Kitambaa cha meza cha plastiki kitakilinda?

Usikiweke. Plastiki laini ya vile vitambaa ina mafuta ya kuilainisha, ambayo kwenye joto huhamia kwenye akriliki, vikagandana na kuacha uso uliofifia. Miguu ya mpira mweusi nayo huacha doa. Tumia vipande vya silikoni safi chini ya miguu, na juu kitambaa cha pamba kama unakitaka.

Watoto na chandarua?

Pembe za juu ziviringishwe kwa nusu kipenyo cha walau milimita 10, kisha kingo zipigwe msasa zisikate. Mambo mawili yanapona hapo: paji la uso la mtoto, na neti. Neti ya duara inayoshuka kutoka darini huburutwa juu ya kimeza kila usiku, na pembe kali huikamata na kuichana. Acha nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kati ya kitanda na kimeza, mkono upate kupita kuchomeka neti chini ya godoro.

Kitu angavu gizani hakionekani. Stima ikipotea, goti ndilo linalokikuta kwanza. Utepe mwembamba unaong'aa gizani, ubandikwe upande wa ndani wa mguu ulioelekea mlango, unatosha, na mchana hauonekani sana.

Chenye droo au kisicho na droo?

Kisicho na droo, kwa maoni yetu. Droo angavu huonyesha kila kilichomo: dawa, risiti, betri zilizokufa. Reli zake ni chuma, na chuma tumeshakisema. Mtu mwenye vitu vingi vidogo anunue kimeza chenye rafu na kikapu cha ukili, kitaficha vyote. Waya wa chaja upitishe kwenye ukingo wa nyuma kwa vishikizo viwili vya kubandika. Tundu la waya, kama unalitaka, litobolewe karakana kabla ya kugundisha, kwa keekee ya kutobolea plastiki na mwendo wa polepole. Keekee ya kutobolea chuma hung'ata inapotokea upande wa pili na kupasua.

Nitakisafirishaje?

Kiache na karatasi yake ya kinga mpaka kifike chumbani. Tuktuk inatosha kwa jozi, kimoja kikiwa kimepinduliwa ndani ya kingine na blanketi katikati. Mkokoteni unafaa ikiwa vimefungwa kwa kamba pana juu ya godoro au gunia, si kamba ya katani moja kwa moja kwenye ukingo. Kama unavuka Likoni, usikiache juani juu ya pikapu kwenye foleni huku kimefunikwa turubai jeusi. Joto la chini ya turubai pamoja na kamba iliyokazwa huweza kukipinda.

Kiungo kimeachia. Nitumie supaglu?

Hapana. Supaglu huacha ukungu mweupe kandokando na hushika juu juu tu. Kiungo kilichoachia kisafishwe, kipigwe msasa kiwe sawa, kirudishiwe gundi ya kuyeyusha karakana. Kama kimeachia pamoja na kipande, fundi atamimina gundi nzito ya akriliki ya kujaza mapengo. Itaonekana kwa karibu, lakini itabeba.

Ufa kwenye mkunjo ni habari nyingine. Hauzibiki. Ukiwa mfupi, toa mzigo mzito na ukitumie kimeza kwa simu na miwani. Ukizidi sentimita 5, mwambie fundi akate miguu chini ya mkunjo: lile bapa la juu la sentimita 45 kwa 35 linafaa kuwa rafu ya ukutani, likiegemea vishikio viwili, na matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu kwa milimita 2 ili plastiki ipate pa kutanukia.